Kornelia Alivyowawekea Msiba Watu wa Filamu

Kornelia wa Dongobesh hakuwa mtu wa kulia. Hilo lijulikane mapema, asije mtu akasema filamu ndiyo iliyomkausha. Alizaliwa Hirbadaw, kule Hanang, akaolewa huku juu na Margwe, akazaa mtoto mmoja tu, Agatha. Akamzika Agatha. Akamzika na Margwe mwenyewe. Wote wawili aliwazika macho makavu, na wanawake wenzake pale makaburini walikuwa wakimchungulia usoni kama mtu anavyochungulia sufuria aone kama maji yamechemka. Hayakuchemka. Wakamwita moyo wa jiwe. Akasikia, akanyamaza.

Msiba kwake ulikuwa wa kukaa, si wa kulia. Huku kwetu tangu zamani nyumba iliyofiwa inajitenga. Inaitwa metimani. Hamwendi kwa watu, hamli chungu kimoja nao, ng'ombe wenu hawachangamani na wa jirani, na zaidi ya yote hamsogelei mwenye mimba wala mtoto mchanga, maana kifo kinakuwa bado kimewashika kama moshi unavyoshika nguo. Mnakaa mpaka mzee wa ukoo aseme sasa basi. Hapo mnanyolewa, mnaoga, mnarudi kwa watu. Siku hizi wengi wameacha. Wanazika asubuhi, kesho yake wako mnadani. Kornelia hakuacha. Alikuwa Mkristo safi, hakosi misa, na hilo nalo hakulikosa. Padri mmoja kijana alipomwambia achague moja, alijibiwa, "Baba, Bwana alipokufa, mitume si walijifungia ndani?" Padri akaishia kucheka.

Mara moja tu alikatisha. Ni ile Desemba ambayo mlima Hanang ulishusha matope juu ya Katesh. Mdogo wake Lucia alikuwa ameolewa huko, na matope yalimkuta nyumbani. Kornelia alishuka Katesh akasimama pembeni ya katapila lililokuwa likifukua, akasimama tu, hakuna aliyeweza kumwondoa, mpaka ulipotokea mguu. Aliujua kabla hajaona uso. Matope yalikuwa yamejaa katikati ya vidole, yamekauka kama udongo wa kukandika. Akaomba maji auoshe. Akaambiwa, mama, watu ni wengi, sogea tafadhali. Lucia akafungwa kwenye shuka na matope yake.

Kornelia akarudi Dongobesh, akajitenga kama ilivyo desturi. Lakini Krismasi ilikuwa inakaribia. Shemeji yake Yoakimu, mdogo wa Margwe, ndiye mzee wa ukoo, tena alikuwa katekista miaka mingi. Alikuja akasema, shemeji, tuishie hapa, watu washerehekee kuzaliwa kwa Bwana. Akanyolewa haraka haraka. Siku hiyohiyo akaenda kwa mjukuu wake Glory, mtoto wa marehemu Agatha, ambaye yeye mwenyewe alimlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Glory alikuwa na mimba yake ya kwanza. Bibi akampikia, akamkanda miguu. Januari haijaisha, mimba ikatoka.

Hakumlaumu Yoakimu wala hakulia. Alisema neno moja, akalisema mbele ya watu. "Mimi sikatishi tena."

Basi mambo yakatulia. Glory na mumewe Herman walikuwa wanalima vitunguu, nyumba yao ng'ambo tu ya shamba la mahindi la bibi. Mungu akajalia mimba nyingine, na hii ikakaa. Wakapatana, bibi na mjukuu, kwamba mtoto akija, bibi ndiye atakayemwosha nyumbani, bibi ndiye atakayempikia mzazi uji wa ulezi, na atahamia kule mpaka Glory apate nguvu. Glory hakutaka mtu mwingine. Mama yake hayupo, mama mkwe wake yuko mbali. Kornelia akatengeneza samli akaiweka kwenye kibuyu, ulezi akausaga, kanga mbili mpya akazikunja juu ya sanduku. Alikuwa anazigusa kila akipita. Glory akapelekwa Mbulu mjini kusubiria karibu na hospitali.

Ndipo ikaja hiyo Ijumaa ya Kwaresima. Baada ya Njia ya Msalaba, mwalimu Rogathe akawaomba akina mama wa jumuiya wabaki ukumbini. Rogathe ni binti wa kaka yake Kornelia, anafundisha historia sekondari. Amekuja na projekta na spika. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi, mchana ukawa giza, na akina mama wakakaa kwenye mabenchi wakisukumana kama watoto.

"Hii ni filamu ya Wayahudi walivyouawa Ulaya, wakati wa vita ya pili," alisema Rogathe. "Nimeona inafaa Kwaresima."

"Wayahudi gani?" aliuliza Gaudensia, jirani wa Kornelia, ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani. "Wa Biblia?"

"Hao hao. Ukoo wa Yesu."

"Na waliowaua ni kina nani?"

"Wajerumani."

"Wale wa boma la Mbulu?"

"Wa boma walikuwa kama baba zao, mama. Tazama kwanza."

Maneno ya filamu yalikuwa ya kizungu. Rogathe alisimama pembeni ya ukuta akawa anayageuza kwa Kiswahili, sauti yake moja kwa watu wote, mume, mke, askari, mtoto. Kulikuwa na mwoka mikate, ana mke na binti wawili. Duka lake zuri. Halafu likaja tangazo, wakashonewa alama kwenye nguo zao. Halafu watu wakaacha kununua mkate. Kisha mwoka mikate akakutana njiani na jirani aliyekua naye, akavua kofia kumsalimu, na yule jirani akapita kama amepita mti.

"Hata salamu?" alisema Kornelia kwa sauti.

"Hata salamu, shangazi."

Kornelia akasonya. Hapo ndipo alipochukia hasa. Lakini yaliyofuata aliyatazama bila taabu. Watu wakapakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe, mke wa mwoka mikate akaanguka theluji ikamfunika, Gaudensia akawa analia kwa kwikwi, na Kornelia akamgonga na kiwiko.

"Unalia nini? Huyo kesho anaamka analipwa mshahara wake. Dukani kwa Hasani nilimwona mmoja amekufa kwenye sinema, wiki iliyofuata anatangaza sabuni."

"Una moyo wa jiwe wewe."

"Nina macho tu."

Wanawake wa benchi la mbele wakacheka wakajifuta machozi. Filamu ikafika mwisho, muziki ukanyamaza. Watu walikuwa wanaanza kutafuta ndala zao kwa miguu. Ndipo ukutani zikaja picha nyingine. Hazikuwa na rangi wala sauti. Zilikuwa zinatikisika kidogo. Watu wamekonda mpaka huwezi kujua mwanamke ni yupi, wamelala wamerundikana, hawana nguo. Likatokea katapila. Likawa linawasukuma kwenda shimoni, na wao wanabingirika mbele ya lile beleshi lake, mikono inaenda huku, miguu inaenda kule, taratibu, kama watu wenye usingizi.

Rogathe hakuwa anasema kitu. Hakukuwa na maneno ya kugeuza.

"Hawa nao," aliuliza Kornelia, "wanaigiza?"

"Hapana, shangazi. Hizi ni picha za kweli. Zilipigwa siku hiyohiyo, walipokutwa na askari waliokuja kuwakomboa."

"Kwa hiyo hao wamekufa."

"Wamekufa, shangazi."

Ukumbi mzima ulikuwa unalia sasa, hata wale wagumu. Kornelia alitazama ile miguu mpaka ukuta ukawa mweupe tena. Hakuhisi kitu. Ilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake usiku. Anauona uko pale, anauambia njoo, hauji. Mablanketi yakatolewa, mwanga ukaingia, na Rogathe akasema tusali. Kornelia akasimama na wenzake, mdomo ukasali wenyewe.

Njiani Gaudensia alikuwa anasimulia filamu yote upya, kana kwamba mwenzake hakuwepo. Walipofika kwenye njia panda akanyoosha mkono amshike Kornelia begani, waagane. Kornelia akarudi nyuma.

"Usinishike."

"Una nini?"

"Nimetoka kuona maiti."

"Kornelia wee! Ile si filamu?"

"Ya mwanzo ilikuwa filamu."

Akaenda zake. Kabla giza halijaingia alikuwa amekata tawi la mgunga lenye miiba akalilaza kwenye njia ya kuingilia kwake. Ng'ombe wake wawili akawafunga nyuma ya nyumba. Kikombe chake akakitoa kwenye vikombe vya wageni.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Ni Herman, yuko Mbulu, anapiga kelele mpaka simu inakwaruza. "Bibi! Wa kike! Wazima wote wawili! Jumapili tunakuja nyumbani!"

"Mungu ashukuriwe," alisema Kornelia. "Lakini mimi sitakuja huko, Herman. Niko kwenye msiba."

"Msiba wa nani, bibi?"

"Wa watu wa filamu."

Herman alidhani mtandao umekatika. Akasema haloo, haloo, akakata.

Jumapili akaja mwenyewe mpaka kwenye tawi, bodaboda ikiwa bado inanguruma. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Simama hapohapo."

"Glory yuko ndani anakusubiri. Amesema hamwoshi mtoto mpaka uje."

"Mwambie asinisubiri. Samli hiyo hapo juu ya jiwe, na unga, na kanga. Niliviandaa kabla ya Ijumaa, vyenyewe ni salama. Chukua."

"Bibi, ile ilikuwa ukutani! Ni mwanga tu! Hukumgusa mtu!"

"Jua nalo ni mwanga tu," alisema Kornelia, "na linakausha mahindi."

Herman akachukua kibuyu. Alikuwa kijana wa heshima. Lakini alivyokipakia kile kibuyu, alikipakia kwa hasira.

Sasa sikia jambo lilivyokuwa zito kwa yule mwanamke. Kumwosha yule mtoto ndicho kitu alichokuwa anakingojea duniani. Hakuwa na kingine. Angeweza kuondoa tawi na hakuna ambaye angesema neno, kila mtu angefurahi. Lakini alikuwa ameshawahi kwenda kwa Glory na kifo nguoni. Safari ile watu walimwambia hakuna neno. Akaenda. Yakatokea yaliyotokea. Sasa watu walewale walikuwa wanamwambia tena hakuna neno.

Jioni Glory mwenyewe alitoka mpaka mwisho wa mahindi, kajifunga shuka, mtoto kifuani. Umbali wa kuitana.

"Bibi! Unanisikia?"

"Nakusikia. Rudi ndani, upepo huo."

"Hutaki kumwona?"

"Nataka."

"Sasa?"

"Sasa rudi ndani."

Glory akamfunika mtoto vizuri kifuani. Halafu akasema, na sauti yake haikuwa ya kuita tena, upepo ndio ulioileta, "Wale ni Wazungu wa zamani, bibi. Mimi ndiye mtoto wako."

Kornelia aliingia ndani akachochea moto. Moto ukawaka, akakaa mbele yake akisubiri uchungu umjie. Haukuja. Akapika ugali akala, hakujua kama ametia chumvi kwenye mboga au hakutia.

Aliyemwosha mtoto ni Hadiya, mke wa Hasani mwenye duka. Alikuwa amepeleka sukari na sabuni ya kumpongeza mzazi, akakuta beseni limewekwa na maji yamepoa na Glory analia. Akapandisha mikono ya baibui lake akachemsha mengine. Herman alimweleza Kornelia hayo kutokea kwenye tawi. Kornelia akauliza, "Alianza na kichwa au miguu?" Herman akasema hajui. Kornelia akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe amekamuliwa na mgeni.

Rogathe alipopata habari alikuja mbio. Alijiona kama yeye ndiye mwenye kosa, maana mashine ilikuwa yake.

"Shangazi, nisamehe. Niliwaletea ili tujifunze. Sikutaka ujitenge na watu."

"Hukukosea, mwanangu. Ulituonyesha watu wamekufa. Mtu akileta habari ya msiba anakosea?"

"Lakini imepita miaka mingi mno. Mimi sijazaliwa. Wewe hujazaliwa."

"Sawa. Kuna aliyewakalia?"

"Kuwakalia vipi?"

"Nyumba zao. Waliobaki. Walijitenga? Walinyolewa?"

Rogathe akafikiri. Ni mwalimu mzuri, hasemi asilolijua. "Wengine hawakubaki hata mmoja, shangazi. Nyumba nzima ilikwenda. Hakubaki wa kukaa."

"Haya. Na yule dereva?"

"Dereva gani?"

"Wa katapila. Alipomaliza kuwasukuma, akashuka. Alikwenda kula kwa nani?"

Rogathe alitazama tawi la miiba, akatazama viatu vyake. "Sijui, shangazi. Haijaandikwa."

"Wa Katesh nilimwona mimi. Kijana mdogo tu. Alinawa kwenye ndoo akapewa chai na wenzake, kikombe kimoja wanapokezana. Hakuna aliyemwambia kaa pembeni kidogo, baba, upumzike na hao uliowatoa." Akatazama mawingu. "Nenda nyumbani. Mvua hiyo."

Mvua zilikuwa zimeanza kweli, zile kubwa za masika, na njia zote zilikuwa matope. Kornelia alikaa mlangoni anayatazama yakishuka kwenye mtaro. Watu wakawa wanapita njia ya mbali. Gaudensia hakuweza kupita njia ya mbali. Alikuwa anakuja kila siku mpaka kwenye tawi, anasimama na mwavuli anapiga soga.

"Wanasema umechanganyikiwa."

"Nani?"

"Wote."

"Na wewe?"

"Mimi nimesema hujachanganyikiwa, una kiburi tu tangu tukiwa wasichana."

"Umesema vizuri."

"Kornelia, hivi uko ndani humo unawalilia?"

"Silii."

"Sasa unafanya nini?"

"Nakaa."

Siku moja asubuhi Glory akaja tena, safari hii anakimbia, kanga imemdondoka begani, mtoto kamkumbatia. Hakusimama kwenye mahindi. Alikuja mpaka kwenye tawi lenyewe.

"Bibi, hanyonyi! Tangu jana hanyonyi! Ana moto! Bibi, njoo umshike, mimi sijui kitu!"

Kornelia alisimama. Akatembea mpaka upande wake wa tawi, akashika nguzo ya ua. Kwa mara ya kwanza aliuona uso wa yule mtoto, mwekundu, umekunjamana, mdomo wazi. Angenyoosha mkono angemfikia. Vidole vyake vilikuwa vimeikaba ile nguzo mpaka gome likabanduka.

"Rudi nyuma kidogo," alisema.

"Bibi!"

"Rudi nyuma, Glory. Sikiliza. Kamua maziwa kwenye kijiko safi, umtie kidogo kidogo kwenye shavu, usimmiminie. Mfungue hayo mashuka, unampika huyo. Halafu mwite Hadiya, awaitie bodaboda, mwende zahanati sasa hivi. Sasa hivi, usisubiri Herman."

"Ungemshika tu!"

"Wa kwanza nilikushika."

Glory alimtazama bibi yake, na ni kama ndio kwanza alikuwa anaelewa tawi lile ni la nini. Akageuka akaondoka mbio kwenye matope, anateleza, anasimama, anakwenda.

Kornelia alibaki ameshika nguzo mpaka Gaudensia alipoleta habari kwamba wamefika zahanati, mtoto amechomwa sindano, ameanza kunyonya. Jioni habari ikaja nyingine, moto umeshuka. Gaudensia alisema, "Sasa hapa hata wewe utalia," akamchungulia usoni kutoka chini ya mwavuli. Hayakuchemka.

Jumamosi Kuu akaja Yoakimu mwenyewe, amevaa koti lake la kanisani, fimbo mkononi.

"Shemeji, hujambo."

"Sijambo, shemeji. Umekuja kukatisha."

"Nimekuja kuzungumza. Metimani mtu hajiwekei mwenyewe. Inawekwa na ukoo, kwa aliyefiwa au aliyezika. Wewe hawa hukuwazika."

"Walizikwa na katapila."

"Basi msiba ni wa katapila."

"Na wewe Yoakimu," alisema Kornelia, "miaka yote ulipokuwa unatufundisha, ulisimama pale mbele ukasema sisi na watu wa Biblia ni jamaa moja. Ibrahimu baba yetu, ukasema. Tuimbe, tukaimba. Sasa jamaa wamekufa, wewe unauliza ukoo gani?"

Yoakimu akakohoa. Akachimba matope kwa ncha ya fimbo. "Ni wengi mno, shemeji. Ukisema umkalie kila mmoja, utakufa hujatoka humo."

"Najua. Nitawakalia wote pamoja. Mwezi umeshajaa, unapungua. Ukifa, natoka."

"Kesho ni Pasaka. Njoo kanisani angalau. Hujawahi kukosa Pasaka."

"Krismasi ulinikatishia," alisema Kornelia. "Pasaka hunikatishii."

Alisema bila ukali. Yoakimu alisimama pale muda mrefu, mzee yule, mvua inamnyeshea kofia. Mwisho akasema, "Haya. Kaa. Mimi kama mzee wa ukoo nimesema kaa." Akaondoka. Kwa hiyo ikawa imewekwa kihalali, na kuanzia siku hiyo hata waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka, wakawa wakipita wanapunguza sauti.

Pasaka aliisikia kwa kengele tu. Aliwapa ng'ombe majani, akafagia, akakaa. Wakati mwingine alijaribu kuwafikiria wale watu, mmoja mmoja, yule mwenye mkono mrefu, yule mdogo aliyekuwa chini. Hawakuwa na majina kwake. Akawa anajaribu kumfikiria Lucia, na Lucia naye akawa amepoa, kama jina lililo kwenye msalaba. Alikuwa anakula, analala, anaamka. Alijua kwamba ng'ambo ya mahindi mtoto anaitwa Konsolata, maana alisikia Herman akimwita kwa nguvu kama mtu mzima. Jina zuri. Hakuulizwa. Alijiambia kwamba hilo linauma, akasubiri, akaona haliumi.

Mwezi ukala ubavu, ukawa kama kucha, ukapotea. Asubuhi yake Gaudensia akaja na wembe na ndoo ya maji, akavuka tawi bila kuuliza.

"Inama."

Akainama. Nywele zikadondoka, nyeupe tupu.

"Kichwa chako kina mabonde kama barabara ya Hirbadaw."

"Nyoa, acha maneno."

Akaoga nyuma ya nyumba, akavaa gauni la kanisani, akaliburuza tawi mpaka shimo la taka. Halafu akapita katikati ya mahindi, taratibu, maana miguu ilikuwa imesahau kwenda mbali.

Glory alikuwa ameketi mlangoni. Hakusimama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Wamekwisha?"

"Hawawezi kwisha. Mwezi umekwisha."

Glory akatazama kile kichwa kilichonyolewa. Alikuwa ameyapanga maneno makali wiki nzima, mwenyewe alikuja kusema baadaye, lakini hayakumjia hata moja. Akanyanyua mtoto akamweka kwenye mikono ya bibi. Konsolata alikuwa ameshanenepa, kitovu kilishadondoka zamani, anatazama watu. Kule kumwosha kwa mara ya kwanza kulikuwa kumepita na hakurudi. Kornelia alimshika, akangoja. Bado hapakuwa na kitu, mikono tu, na mikono ilikuwa inajua kazi yake.

"Leta beseni," alisema.

"Hadiya amemwosha asubuhi."

"Leta beseni, nimesema."

Likaletwa. Akatia kiwiko ndani. "Maji haya ya baridi, nani amekufundisha?" Glory akaongeza ya moto. Kornelia akakaa chini, akanyoosha miguu yake, akamlaza mtoto juu ya mapaja yake kama alivyowahi kumlaza Agatha, na kama alivyowahi kumlaza Glory. Akaanza na kichwa. Akashuka shingoni, makwapani, mgongoni. Akafika miguuni.

Pale akapunguza mwendo. Akaushika mguu mmoja, akaufungua ule unyayo, akapitisha kidole chenye maji katikati ya kidole gumba na kinachofuata. Halafu katikati ya kinachofuata na mwenzake. Akachota maji mengine. Akarudia tangu mwanzo. Akahamia mguu wa pili, akarudi wa kwanza.

"Bibi," alisema Glory, "ameshatakata."

"Bado."

Mtoto alikuwa ametulia, anamtazama. Maji yalikuwa meupe, hayana hata chembe ya udongo, na Kornelia alikuwa ameinama karibu sana na ile miguu, anaosha katikati ya vidole. Glory akaondoka akaweka maji mengine motoni.